Titi la Mara ya Tano

Jumanne ile mama mdogo Tatu aliamka alfajiri, akachota maji, akafua nepi nane, akazianika juu ya ua wa mabua, akapika uji, na ilipofika saa tatu asubuhi alikuwa hoi kama mtu aliyelima ekari nzima. Sababu ni mtoto. Mabruki alikuwa na miezi minne na siku kadhaa, na kwa muda wa wiki mbili alikuwa amekataa kulala.

Nataka mnielewe mapema kwamba mama mdogo hakuwa mwanamke wa kupayuka. Alikuwa binti wa Maalim Shomari wa Tabora mjini, amesoma chuoni kwa baba yake mpaka akahitimu, na uongo ulikuwa haupiti mdomoni mwake hata kwa utani. Kisa hiki alinisimulia mara tatu, miaka mbalimbali, na mara zote tatu hakubadilisha neno. Mimi naitwa Maua, nimekuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na sita. Nimesikia mashahidi wa kila namna, na ninajua mtu anavyosimulia jambo alilolitunga. Hili hakulitunga. Laiti angelitunga, mimi leo ningekuwa nalala vizuri.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa kuhamia vijijini. Mumewe, baba mdogo Yahaya, alikuwa fundi cherehani pale mjini. Akaambiwa kijiji kipya upande wa Tura kinahitaji fundi, akapakia cherehani, mke na mtoto mchanga kwenye lori, wakaenda. Kijiji kilipewa jina la Umoja. Nyumba zilipangwa kwa kamba, mstari mmoja ulionyooka, na nyumba yao ilikuwa ya mwisho upande wa mashariki, kando ya njia ya zamani ya misafara. Wenyeji walipaita mahali pale Tuamizigo. Bwana aliyekuja kupima viwanja alilipenda sana jina hilo. Alisema wapagazi wa zamani walikuwa wakitua pembe za ndovu hapo ili wapumzike, basi na sisi tuutue hapo mzigo wa umaskini. Watu wakapiga makofi. Wenyeji, alisema mama mdogo, hawakupiga.

Sasa turudi kwa mtoto. Tangu azaliwe, Mabruki alikuwa mtoto wa kusifiwa. Ananyonya, analala, anaamka mara mbili usiku, ananyonya, analala tena. Halafu ghafla, bila homa wala jino, akabadilika. Usiku anaamka kila saa. Mchana akilazwa anakodoa macho. Akipewa titi ananyonya kidogo, kuku akipita analiachia titi ili amwangalie kuku. Wanawake wa kijiji kila mmoja alikuwa na dawa yake. Huyu kasema mpe uji wa mtama, yule kasema mfunge hirizi, mwingine kasema maziwa yako mepesi mno. Mama mdogo alizishukuru zote, hakuifuata hata moja, akaenda zahanati kwa nesi Leonia.

Nesi Leonia alicheka. Akamwambia watoto wengi wa umri ule hufanya hivyo, kwamba usingizi nao hukua kama mtoto anavyokua, ukaanza kuja vipande vipande.

"Mchana mnyonyeshe chumbani, penye kigiza kidogo, asione kuku," akasema. "Anyonye mpaka ashibe. Usiku akigutuka usimrukie, msikilize kwanza, huenda akarudi mwenyewe. Na wewe lala anapolala. Litapita hili, mama."

Maneno mazuri, na mama mdogo aliyafuata. Ila hilo la kulala anapolala mtoto ndilo lililomshinda, maana mtoto mwenyewe halali.

Basi Jumanne hiyo jua lilikuwa utosini. Kijiji kizima kiko shamba la pamoja, wanafyeka, isipokuwa wenye watoto wachanga. Mama mdogo akatandika mkeka kwenye baraza ya nyuma, akajilaza na mtoto ubavuni. Mtoto analia. Akipewa titi, analikataa na kulia zaidi. Mama mdogo alisema alichoka mpaka kile kilio akawa anakisikia kwa mbali, kama kinatoka nyumba ya jirani.

Ndipo aliposikia sauti ya mwanamke nyuma ya ua. Sauti ya chini, iliyokauka, ya mtu aliyetembea sana.

"Hodi, dada. Mtoto ana njaa. Nimpe titi?"

Hapa ndipo penye kosa, na nawaomba msimhukumu. Mjini asingethubutu. Mjini, kwetu sisi Waislamu, kila mwanamke anajua nani kamnyonyesha nani, kwa sababu titi lina sheria zake. Lakini pale kijijini walikuwa wamefundishwa kwa miezi mingi, mkutano baada ya mkutano, kwamba shamba ni letu sote, kisima ni chetu sote, hata jembe ni letu sote. Na watu walikuwa wageni wao kwa wao, huwezi kuitambua sauti ya kila mtu. Mama mdogo hakufumbua hata macho.

"Mchukue, dada," akasema. "Mtoto ni wetu sote."

Akalala.

Alipoamka kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshavuka uwanja. Mabruki yuko pale pale ubavuni, amelala, tumbo limekaza kwa shibe. Tone la maziwa limeganda shavuni. Mama mdogo alifurahi, kwa kweli alifurahi, akawaza kumtafuta jirani yule ampelekee vitumbua. Kisha akatazama uwanja alioufagia asubuhi. Kulikuwa na nyayo za miguu mitupu zilizotoka kwenye mwanya wa ua mpaka barazani, na kando yake alama ndefu ya kitu kizito kilichoburutwa. Nyayo za kurudi hazikuwapo.

Usiku ule mtoto alilala mpaka kukakucha. Baba mdogo Yahaya aliamka anaimba. Mama mdogo aliamka na matiti magumu kama mawe na kanga imelowa. Akampa mtoto titi, mtoto akageuza uso. Hakuligusa mpaka jioni. Ikabidi akamue maziwa kwenye bakuli na kuyamwaga.

Wanawake waliokuwa wakinyonyesha pale Umoja walikuwa sita. Alipita kwa wote kushukuru, na wote wakamshangaa. Wa mwisho alikuwa Ng'washi, jirani wa nyumba ya pili, mwenyeji wa sehemu zile, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa anapepeta mtama.

"Alikuja upande gani?" akauliza Ng'washi.

"Upande huu wa njia."

Ungo ukasimama. "Ulimwona, mayu?" akauliza, kwa neno lao la kumwita mama.

"Sikumwona. Nilikuwa nimelala."

"Lakini ulimjibu."

"Nilimjibu."

Ng'washi akauweka ungo chini polepole. "Usimjibu tena," akasema, akaingia ndani, na mtama akauacha nje kuku wanajilia.

Siku ya tatu, saa ile ile ya jua la utosi, mama mdogo alimlaza mtoto chumbani kama alivyofundishwa, dirisha akaliziba kwa kanga, mlango akaufunga kwa komeo la nje. Yeye akakaa jikoni, hatua kumi kutoka mlangoni, akimenya viazi. Mtoto alilia kidogo, akanyamaza. Mama mdogo akamaliza viazi, akafungua komeo. Mabruki amelala chali, ameshiba, kidevu kinang'aa maziwa. Chumba kizima kilinuka vumbi na jasho la safari.

Usiku mtoto akalala tena mpaka asubuhi, na titi la mama yake akalikataa tena kutwa.

"Mtoto hajalala, unalia. Mtoto kalala, unalia," Yahaya alimtania. "Nyie wanawake mnataka nini hasa?"

Mama mdogo hakucheka. Alikuwa anakamua, na maziwa yalikuwa yamepungua.

Mara ya tatu alikuwa macho. Alijilaza ubavuni mwa mtoto kwenye mkeka, kichwa cha mtoto juu ya mkono wake mwenyewe, akamkazia macho. Jua likafika utosini. Kuku wakanyamaza. Mtoto akafumba macho, mara moja, kama taa iliyopulizwa. Kisha midomo yake ikafunguka. Ikajikunja kushika kitu. Mashavu yakaanza kuvuta.

Hakukuwa na kitu pale. Hewa tu. Lakini koo lilikuwa linameza. Mama mdogo aliliona linameza, akaisikia sauti ya kumeza, akaona maziwa yanachuruzika pembeni ya mdomo. Alitaka kumnyanyua, mkono ukamfia. Alikaa hivyo, anatazama mwanawe ananyonyeshwa, mpaka mtoto mwenyewe akaachia. Na akausikia ule mlio mdogo ambao kila mama anaujua, wa titi linapotoka mdomoni.

Ndipo akaufuata mlango wa Ng'washi, mtoto mkononi, hana hata viatu. Safari hii Ng'washi alimkaribisha ndani, akaongea kwa kunong'ona.

"Mnadhani iliyotuliwa hapa ni pembe?" akasema. "Pembe hazikutuliwa, mayu. Pembe zote zilifika pwani. Mbele ya hapa kulikuwa na pori la Mgunda Mkali, siku nyingi bila maji, na wenye msafara hawakutaka wa kuwachelewesha. Mwanamke ana pembe kichwani, ana mtoto mgongoni. Akichoka anaambiwa atue mzigo mmoja. Wa kichwani ulikuwa na mwenyewe."

Mama mdogo akamkaza mtoto kifuani.

"Wakaendelea na safari, shingo kwenye minyororo, na maziwa kifuani," Ng'washi akasema. "Bibi yangu alikuwa akiwasikia. Ndiyo maana hatukujenga hapa. Tulimwambia yule bwana wa kamba, akasema huo ni ushirikina."

Nimeandika mashtaka mengi katika kazi yangu, ya wizi, ya kupigana, ya mipaka ya mashamba. Sijui hilo lingeandikwaje.

Sasa ndipo mama mdogo alipoanza kuhesabu. Nimesema titi lina sheria. Kwa madhehebu yetu, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinyonya kwa mwanamke mara tano, kila mara akashiba na kuachia mwenyewe, mwanamke yule ni mama yake. Si kama mama yake. Ni mama yake, na watoto wa mwanamke huyo ni ndugu zake, hawezi kuwaoa. Maalim Shomari alikuwa amelifundisha somo hilo miaka nenda rudi, na binti yake alikuwa anaketi mstari wa mbele. Mara ya kwanza barazani, kwa idhini. Mara ya pili chumbani. Mara ya tatu mkononi mwake mwenyewe. Zimebaki mbili. Na mama akimwita mwanawe, mwana huitika.

Yahaya aliposikia alikasirika. Alisema yeye ni mtu wa kusoma na kuandika, na kwamba kesho hatakwenda shambani, atampakata mtoto mwenyewe, tuone huyo jini wa mchana. Kesho hakikutokea kitu. Kesho kutwa akakaa tena, amenyoosha miguu mkekani, mtoto kifuani, panga kando. Mama mdogo kaketi kizingitini. Jua likafika utosini.

Kuku wakanyamaza.

Mama mdogo aliona midomo ya mtoto inafunguka. Akaona uso wa mumewe unabadilika. Yahaya hakuligusa panga. Bega lake la kushoto lilishuka kidogo, kama linavyoshuka bega la mtu aliyeegemewa.

"Tatu," akanong'ona. "Ameniegemea."

Mama mdogo akashika mwimo wa mlango.

"Ana joto. Kama mwenye homa." Machozi yalikuwa yanamtoka Yahaya, mwanamume mzima. "Analia, Tatu. Machozi yake yananidondokea."

Mtoto akaachia mwenyewe. Shati la Yahaya lilikuwa limelowa bega zima, na hapakuwa na wingu mbinguni. Alilivua, akalitupa motoni, akarudi akaketi. Akasema, "Kesho kutwa kuna garimoshi la kwenda Tabora. Nenda kwa baba."

Kwa nini si wote wawili? Kwa sababu siku zile mtu haondoki kijijini bila barua, na barua ilikuwa inachukua wiki. Yahaya ilibidi aonekane shambani, akiulizwa aseme mkewe anaumwa. Alfajiri ya kuondoka alimfunga mtoto mgongoni kwa mkewe kwa kanga mbili, akakaza fundo mara mbili.

"Asishuke mgongoni," akamwambia. "Usimtue. Popote."

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili ndilo lililomla mama mdogo mpaka uzeeni. Tangu mara ile ya nne, Mabruki alikuwa hajanyonya titi lake hata kidogo. Siku mbili. Na titi lisiponyonywa hukauka. Yale maziwa yaliyokuwa yanamwagika kanga nzima, sasa akikamua anapata matone. Ng'washi alijaribu kumpa lake, mtoto akabana midomo. Uji wa kijiko akautema. Maziwa ya ng'ombe akayatema. Alilia siku nzima ya kwanza. Siku ya pili alilia kidogo. Asubuhi ile ya safari alikuwa kimya.

Kutoka Umoja mpaka stesheni ya Tura ni mwendo wa saa saba kwa mguu, na njia ni moja, ile ile ya misafara, inakata katikati ya miyombo. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, miti haina hata jani la kuficha ndege. Mama mdogo alitembea upesi. Kila baada ya muda alipeleka mkono nyuma, akampapasa mtoto. Joto lipo. Pumzi ipo. Akaendelea.

Saa sita ikamkuta njiani.

Kwanza ndege walinyamaza. Kisha akasikia nyayo nyuma yake. Miguu mitupu juu ya majani makavu. Na kitu kinaburutwa, kwa mlio wa chuma. Akaongeza mwendo. Nyayo nazo. Akasimama. Zikasimama. Hakugeuka.

"Mzigo mzito, dada," sauti ikasema, karibu kabisa na sikio. "Mtue."

Mama mdogo akatembea. Alisoma kila sura aliyoikumbuka. Alisoma kwa sauti. Nyayo zilimfuata taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua njia inakoishia.

"Mtue, dada. Ana njaa."

Alipeleka mkono nyuma kumpapasa mtoto. Kichwa kikaanguka upande. Akapapasa utosi, akaukuta umebonyea, kidole kinaingia. Mabruki alikuwa anapumua, lakini pumzi ilikuwa inakuja, inakawia, inakuja. Stesheni ilikuwa bado mwendo wa saa moja. Tabora ilikuwa mbali zaidi. Baba yake na vitabu vyake vyote walikuwa mbali zaidi.

Hapo akaketi njiani, juani, akamfungua mtoto, akampakata. Hakumweka chini. Hilo alilirudia kila mara aliponisimulia: hakumweka chini. Alimpa titi lake kwanza. Mtoto hakufungua hata mdomo.

Binti wa mwalimu hakosi hila. Alikuwa ameshaifikiria. Sheria inasema mtoto ashibe na aachie mwenyewe. Basi akichomolewa kabla hajashiba, haihesabiki. Amwache anyonye nusu, apate nguvu ya kufika Tabora, kisha amchomoe. Itabaki mara nne daima.

"Mnyonyeshe," akasema kwenye ile njia tupu. "Lakini nitakuambia basi."

Joto likamjia, joto la mwili wa mtu aliyeketi mkabala naye, goti kwa goti. Harufu ya vumbi na jasho. Midomo ya Mabruki ikafunguka.

Akavuta. Akameza.

Mama mdogo aliuona utosi unapanda. Aliyaona mashavu yakirudiwa na rangi. Vidole vya mtoto vilivyokuwa vimelegea vikajikunja, vikashika kitu hewani, vikakikanda kama watoto wanavyolikanda titi. Sasa, akajiambia. Mchomoe sasa. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kidevu.

Na mbele yake, karibu sana, mwanamke akaanza kubembeleza. Hakuimba wimbo. Ni ule mguno tu wa ndani ya kifua, mm, mm, ambao mama yeyote humbembelezea mtoto anayenyonya. Mama mdogo aliutambua. Ndio aliokuwa anautoa yeye, kabla mambo haya hayajaanza.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na pale njiani wazazi walikuwa wawili. Mkono wake haukwenda. Aliniambia hivi: "Maua, alikuwa na njaa. Mama gani amkatize mwanawe titi naye ana njaa? Mimi sikuweza. Na yule mwenzangu alimkosa wake kwa sababu kuna mtu aliweza."

Mtoto akanyonya mpaka akatosheka. Akaachia mwenyewe. Akafumbua macho, akamtazama mtu ambaye mama mdogo hakumwona, akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka kwa sauti.

"Mwanetu," ikasema ile sauti.

Basi. Mama mdogo alimfunga mtoto mgongoni, akatembea mpaka Tura bila kusikia nyayo zozote nyuma yake. Alipanda garimoshi. Jioni alikuwa nyumbani kwa baba yake. Mimi nilikuwapo, bado mdogo, na ninachokumbuka ni kwamba alikuwa hana viatu na hakutaka mtu ampokee mtoto. Maalim Shomari alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha akauliza swali moja tu, kwamba mara ya kwanza alisema maneno gani. Alipoambiwa, alimtazama mtoto.

"Ulisema wetu sote," akasema. "Basi ni wenu."

Hakuna aliyekuja kumchukua. Maziwa ya mama mdogo yalirudi, Mabruki akayanyonya mpaka miaka miwili, akalala usiku kucha na hakusumbua mtu tena. Yahaya alirudi mjini mwaka uliofuata, akafa mzee, na habari ya bega lake hakuitamka. Mabruki alisoma, akawa fundi wa reli, akaoa, akazaa. Mama mdogo aliniapisha nisimwambie kamwe, na mimi kiapo nakijua, nimewaapisha watu kwa miaka ishirini na sita. Sikumwambia. Mama mdogo hakumwambia. Wengine wote waliojua walikuwa makaburini.

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, tulimzika mama mdogo Tatu. Baada ya maziko wanaume walibaki nje kwenye turubai, lakini Mabruki akaomba akae kidogo chumbani kwa mama yake. Nikampelekea chai, nikaketi naye mkekani, sisi wawili tu, mlango wazi. Mtu mzima wa miaka hamsini, mvi zimeshaingia ndevuni. Alikuwa hajalia. Nilimwonea huruma sana.

"Pole, mdogo wangu," nikamwambia. "Mama ametutoka."

"Tumeshapoa, dada," akasema. Akainywa chai yake. "Afadhali mimi mmoja bado ninaye."

Nilidhani majonzi yamemchanganya. Nikamshika bega, nikamuuliza nani.

Alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. Kisha akatazama nafasi ndogo iliyokuwa katikati yetu pale mkekani, akashusha sauti, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumuaibisha mgeni.

"Sogea kidogo, dada," akaninong'oneza. "Umemkalia nguo."

Nilisogea. Nilipoegemeza mkono pale katikati ili ninyanyuke, mkeka ulikuwa umelowa, na una uvuguvugu.